Je, Yafaa Kumpa Dawa Aliyejitia Hatarini Mwenyewe?



Safari hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini, na mara nyingi nje ya kanisa, baada ya ibada. Iko dawa ambayo mtu akiinywa mapema, baada ya kuwa mahali ambapo huenda ameingiwa na virusi vya Ukimwi, yaweza kumkinga asiambukizwe. Hospitalini huiita PEP. Hapo mwanzo ilikuwa dawa ya wauguzi waliochomwa na sindano. Kisha ikawa pia ya waliobakwa. Na mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri itolewe kwa kila aliyekuwa katika hatari, kwa njia yo yote ile, mkubwa kwa mdogo. Maana yake, hata mtu aliyekwenda kwa miguu yake mwenyewe mahali asipopaswa kwenda, naye apewe.

Hapo ndipo ubishi huanza. Wako Wakristo wenzetu wasemao: "Muuguzi, sawa. Binti aliyebakwa, sawa. Lakini huyu wa tatu si amejitakia? Tukimpa dawa, si tunamwambia aende tena?" Maneno haya si ya watu wabaya. Mara nyingi ni ya wazazi waliolea vijana wao kwa taabu katika mji wenye vishawishi vingi, na ni ya wajane waliozika waume zao katika miaka ya tisini, wakati dawa hazikuwapo. Kwa hiyo hayafai kuchekwa. Yafaa kujibiwa.

Kwanza tuieleze dawa yenyewe, kwa sababu wengi wanaoibishia wanaidhani kuwa kitu kingine. Si chanjo, wala haiponyi Ukimwi. Ni dawa za jamii ile ile wanazokunywa ndugu zetu wanaoishi na virusi, ila huyu huzinywa kwa siku 28, kila siku bila kuruka, kisha huacha. Virusi vikiingia mwilini havienei papo hapo. Kwa muda wa saa nyingi, na pengine siku mbili tatu, huwa bado ni vichache, viko karibu na mahali vilipoingilia, vinatafuta chembe za damu za kukaa ndani yake. Vikishakaa humo na kujificha, hakuna dawa ijulikanayo leo iwezayo kuvitoa vyote. Dawa huzuia visizaliane. Basi ikiwahi, vile vichache hufa bila kupata makao. Ndiyo sababu madaktari wameweka mpaka wa saa 72. Na mtu asidhani kwamba saa ya 70 ni sawa na saa ya pili. Kila saa ipitayo huondoa sehemu ya kinga, na mwenye kufika asubuhi ya kwanza yuko katika hali bora kuliko mwenye kufika siku ya tatu jioni.

Haya yalijulikanaje? Mwaka 1997 ilichapishwa taarifa ya watumishi wa hospitali wa Marekani na Ulaya waliochomwa na sindano au vyombo vyenye damu ya wagonjwa. Kuchomwa mara moja kwa sindano ya namna hiyo huambukiza kama watu 3 katika 1,000. Waliokuwa wamekunywa zidovudine, dawa moja tu ya siku zile, hatari yao ilionekana kupungua kwa asilimia 81. Mwaka uliofuata zilichapishwa habari za majaribio ya nyani: walioanzishiwa dawa ndani ya saa 24 na kupewa siku 28 walikingika, bali miongoni mwa waliocheleweshewa au kukatishiwa mapema, wako walioambukizwa. Hakuna utafiti wa kuwagawa watu mafungu mawili, hawa wapewe dawa ya kweli na hawa wapewe kidonge kitupu. Hakuna daktari mwenye dhamiri ambaye angeweza kumpa kidonge kitupu mtu aliyebakwa jana.

Basi watu watatu wamefika zahanati moja, siku moja. Muuguzi, binti, na mvuvi. Wote watapimwa damu kwanza. Atakayekutwa tayari ana virusi vya zamani hatapewa kinga hii bali ataanzishiwa matibabu ya kudumu, ambayo katika nchi yetu hutolewa bure tangu mpango wa taifa ulipoanza mwaka 2004. Wasio navyo watapewa vidonge vile vile, kwa siku zile zile. Pengine watasikia kichefuchefu, kichwa kuuma, au uchovu. Mwilini mwao hakuna tofauti hata moja. Tofauti iko midomoni mwetu.

Muuguzi hatuna maneno naye. Tunampa pole na kumpisha mbele.

Binti tunampa maneno mengi mno. Twalisema hili kwa uchungu, kwa maana linatuhusu sisi wenyewe, wazazi na wazee. Mtoto akitendewa uovu huu, mara nyingi na mtu anayefahamika nyumbani, jambo la kwanza linalofanyika katika nyumba nyingi ni kikao. Shangazi anaitwa, baba mkubwa anasubiriwa afike kwa basi kutoka mbali, watu wanashauriana jina la ukoo litaokokaje, na kama mhalifu ni ndugu, yatamalizwaje nyumbani. Mtoto ameogeshwa, nguo zimefuliwa. Siku ya kwanza imekwisha. Siku ya pili wanakubaliana kwenda polisi, na huko wanaandikiwa ile fomu namba 3, PF3. Fomu ile ni ya lazima kwa haki, kwa kuwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 ni kali, na mahakama haiwezi kumfunga mtu kwa hasira zetu bila ushahidi. Lakini fomu ni ya mahakama, na mahakama yaweza kungoja. Damu ya mtoto haiwezi. Aendaye hospitali kwanza hakukosa haki yake. Daktari ataandika aliyoyaona, na polisi watafuatwa siku hiyo hiyo. Akina mama wa Umoja, ninyi ndio mnaoitwa nyumbani humo kabla ya wote. Mkifika, ulizeni saa ngapi jambo lilitendeka, kabla ya kuuliza lilitendwa na nani.

Sasa mvuvi. Tumfanye mfano tu, wala asitafutwe. Wenye kukaa Igombe na Kayenze wanaijua kazi ya dagaa: usiku kucha ziwani kwa taa, na mwezi unapokuwa mkubwa taa hazivuti dagaa, basi mitumbwi hulala ufukoni. Siku hizo za mbalamwezi watu wamepumzika, fedha ya mauzo ipo mfukoni, mke yuko mbali, na nyumba za pombe zinapiga muziki. Ijumaa saa nne usiku kijana wetu ameanguka. Jumamosi anaamka na kichwa kizito, akikumbuka nusu. Anaogopa. Anamwambia mwenzake, naye anamcheka. Jumapili anakuja kanisani, maana amelelewa vizuri na mama yake. Saa nne asubuhi, tukiwa katikati ya ibada, zimekwisha kupita saa 36. Nusu ya muda wake imekwenda, naye ameketi benchi la nyuma. Hapo anasikia nini kutoka kwetu? Akisikia kwamba wazinzi wamepata mshahara wao, atatoka kama alivyoingia, na Jumatatu saa nne usiku mlango utakuwa umefungwa.

Hatusemi kwamba dhambi isitajwe. Wala hatuwafuati wale wasemao kwamba siku hizi hakuna dhambi, kuna "hatari" tu. Kijana amekosa, na mkewe, kama anaye, amekosewa. Lakini kukosa kwake si jambo litakalokwisha baada ya saa 72. Litakuwapo Jumanne, litakuwapo mwezi ujao, na mchungaji atakuwapo kulisikiliza. Kinga haitakuwapo. Mtumbwi ukipinduka ziwani, wavuvi hawaanzi kwa kuuliza ni nani aliyesimama na kuutikisa. Huyo atatafutwa ufukoni, nguo zikikauka, na pengine atasemwa sana. Wanafunzi wa Bwana wetu nao waliuliza juu ya yule kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Nasi twakumbuka kwamba Bwana hakuwapa jibu walilolitaka, akafanya tope.

Lakini wenzetu watasema: "Hayo ni ya mtu mmoja. Je, mji mzima ukijua kwamba dawa ipo?" Hili ni swali la haki, na kwa bahati njema mkoa wetu una neno la kusema juu yake. Kati ya mwaka 1991 na 1994, katika vijiji vya mkoa wa Mwanza, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, pamoja na shirika la AMREF na chuo cha afya cha London, walichagua jamii 12. Katika 6 zahanati zilipewa mafunzo na dawa za kutibu vizuri magonjwa ya zinaa, kama kaswende na kisonono. 6 nyingine zikabaki kama zilivyokuwa mpaka utafiti uishe. Wakati ule nako palikuwa na hofu kama hii ya leo, kwamba kutibu ugonjwa wa zinaa upesi na bila karipio ni kufungua mlango. Baada ya miaka miwili, katika jamii zilizopata matibabu, kati ya watu 4,149 ambao mwanzoni hawakuwa na virusi vya Ukimwi, 48 walikuwa wameambukizwa. Katika zile nyingine, kati ya watu 4,400, walikuwa 82. Upungufu huo ulikuwa kama asilimia 40, nao ulichapishwa mwaka 1995 ukasomwa ulimwenguni kote. Tena watu waliulizwa juu ya mwenendo wao, na upande wo wote haukuonekana kubadilika. Walioleta dawa hawakuleta uzinzi zaidi.

Tuseme ukweli wote. Utafiti mwingine uliofanywa Rakai, Uganda, na kuchapishwa mwaka 1999, ulitibu watu wote kwa pamoja kwa namna nyingine, wala haukuona upungufu wa virusi. Basi hatuitumii habari ya Mwanza kudai kwamba kutibu kisonono kunamaliza Ukimwi, na utafiti huo haukuwa wa PEP. Pia twajua kwamba mtu akiulizwa mambo ya chumbani, hasemi yote. Twaitumia kwa jambo moja tu: wale wenye hakika kwamba huruma ya zahanati huharibu tabia, na watuonyeshe palipoharibika. Sisi tukiwatazama watu tunaowafahamu, hatumjui kijana aliyekwenda kulewa kwa sababu alikumbuka kwamba iko dawa ya siku 28 yenye kutia kichefuchefu. Hulewa kwanza. Dawa huikumbuka asubuhi, kama anaijua.

Ni kweli wako watakaorudi mara ya pili na ya tatu. Kwa hao wauguzi wana jambo jingine la kushauri, ikiwamo dawa ya kunywa kabla ya hatari, na ushauri wa uso kwa uso. Kumfukuza si njia ya kumrekebisha. Afukuzwaye haendi kwa mwalimu mwingine wa maadili, bali huenda kukaa kimya.

Liko swali gumu kuliko hayo yote, nasi hatukuliona likiandikwa sana. Yule mvuvi amepata dawa Jumapili mchana. Amefanya vema. Jioni anapanda daladala kwenda nyumbani kwake Buswelu, na mke anamngoja. Je, amwambie?

Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 humtaka anayejua kuwa ana virusi amweleze mwenzi wake. Lakini huyu hajui. Yumkini hana. Kwa kweli inaelekea zaidi kwamba hana, hasa kwa kuwa amewahi dawa. Rafiki zake watamwambia: "Nyamaza, nywa vidonge vyako kazini, siku 28 zitapita, utapima, utakuta mzima, na ndoa yako itakuwa mzima pia. Kwa nini umwumize bure?" Shauri hili lina sura ya upole, na twakiri kwamba si rahisi kulipinga. Wako wanawake ambao wakiambiwa watafukuzwa wao, ati ndio walioleta. Ziko nyumba ambazo kusema kutaleta ngumi.

Hata hivyo twaona kwamba katika shauri lile mambo mawili yamechanganywa. La kwanza ni kumlinda mke, nalo halina mjadala wala halingoji. Tangu usiku ule wa kwanza, mpaka kipimo cha mwisho baada ya miezi mitatu, hana ruhusa ya kumkaribia bila kinga. Mume asemaye kwamba hawezi kutumia kondomu nyumbani kwa sababu mke atashuku, na kwa hiyo ataendelea kama kawaida ili amani isivunjike, huyo anainunua amani yake kwa mwili wa mwingine. Hapa hatuoni udhuru wo wote.

La pili ni kumwambia. Hapa twaona kuwa anawiwa kumwambia, kwa sababu mke naye ana maamuzi yake ya kufanya, labda ana mimba, labda ananyonyesha, na hawezi kuamua juu ya asilolijua. Tena miezi mitatu ya visingizio haifichiki. Mke wa mvuvi si mtoto. Lakini deni hili lina namna ya kulipwa. Si lazima lilipwe usiku ule ule, pombe ikiwa bado kichwani na hofu imemshika. Aweza kwenda kwanza kwa mshauri wa kliniki, au kwa mchungaji, au kwa wazee wawili walioisimamia ndoa yao, akasema mbele yao, ili neno lisianguke kama jiwe. Tofauti iko kati ya kungoja siku chache ili kusema vizuri, na kungoja kipimo kije kizuri ili asiseme kamwe. Anayengoja ili asiseme ameshaamua, ila anajidanganya.

Na mke naye akiambiwa, twamwomba jambo moja, ingawa twajua ni zito: asivitupe vidonge. Amfukuze chumbani akitaka, awaite wakwe, alie. Ana haki. Lakini vidonge viwe mezani, na saa ya kuvinywa ifike.

Labda mtu atauliza kwa nini Kanisa lijitie katika mambo ya zahanati. Jibu ni kwamba limo tayari. Mtu akipatwa na aibu usiku, wa kwanza kumgongea mlango mara nyingi ni mwinjilisti. Kanoni Gideon Byamugisha wa Kanisa la Uganda alipogundua mwaka 1992 kwamba ana virusi, naye amekwisha kumzika mkewe mwaka uliotangulia, alichagua kusema hadharani, jambo ambalo makasisi wa Afrika hawakuwa wamelifanya. Tangu hapo hakuna asemaye kwa uaminifu kwamba haya ni mambo ya watu wa nje ya uzio wetu. Basi mwinjilisti anayeamshwa saa nane usiku, aombe na mtu huyo, ndiyo, lakini aombe akiwa anavaa viatu. Asimwambie afunge siku tatu kwanza. Siku tatu ndizo zote alizo nazo. Tuliona mwaka 2011, wakati wa kikombe cha Loliondo, jinsi watu wema walivyoweza kuachishwa dawa kwa jina la imani, na wengine hawakuishi kusimulia.

Mambo machache ya kutenda, kwa wale waliotuuliza. Anayekwenda zahanati na aseme waziwazi: "Nimekuwa katika hatari, tangu saa fulani, naomba PEP." Halazimiki kumsimulia mlinzi wa getini wala karani. Kama yule mwenziwe anajulikana na yuko tayari kupimwa, akikutwa hana virusi dawa yaweza kusimamishwa kwa shauri la daktari. Na kama ni mtu anayekunywa dawa zake vizuri hata virusi havionekani katika vipimo, hatari ya kuambukiza kwa kujamiiana haipo, nalo pia muuguzi aambiwe. Si kila zahanati huwa na dawa hii kila siku, na kwa watu wa visiwani mtumbwi wa Jumapili ni jambo la kubahatisha. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilishauri itolewe karibu zaidi na watu, hata na watumishi wasio madaktari. Twaomba wazee wa kila kanisa kando ya ziwa, kabla ya mbalamwezi ijayo, wamwulize mganga wa zahanati yao mambo matatu: kama dawa ipo, nani ana ufunguo wa kabati usiku na siku ya Jumapili, na kama haipo, ni wapi karibu inapopatikana na nauli ya kufika huko ni kiasi gani. Majibu yaandikwe katika daftari la kanisa, na mwinjilisti awe na nakala yake nyumbani.